Polio iliniachia mguu mmoja mzima, sasa nao unachoka

Shikamoo dada,

Mimi ni fundi cherehani, naishi Korogwe, nina miaka 54. Mwaka 1974, nikiwa na miaka mitatu, nilishikwa na homa. Marehemu mama alikuwa akisimulia kwamba asubuhi ya siku ya tatu alinisimamisha nikanywea chini kama kitambaa. Miguu yote miwili haikuwa na nguvu. Baada ya miezi kadhaa wa kulia ulirudi, wa kushoto ukabaki mwembamba hadi leo. Ilikuwa polio.

Nilivaa chuma mguuni mpaka darasa la saba, kisha nikakivua. Baba aliniambia watu watanipokea kwa kile watakachokiona kwanza, kwa hiyo nikajifunza kutembea bila chuma wala fimbo, nikilisukuma goti la kushoto kwa mkono. Nilifika kila nilikotaka kufika. Nimeoa, nimesomesha watoto wanne kwa cherehani ya kukanyaga, na mguu uliokanyaga miaka 35 ni huu wa kulia, mzima.

Sasa huu mzima ndio unaoniangusha. Ilianza kama miaka miwili iliyopita, pole pole. Ngazi tatu za kuingia dukani nikawa nazipanda kwa kushika mlango. Nikikaa jioni, nyama ya paja inachezacheza yenyewe chini ya ngozi. Ikifika saa nane mchana nazimika kama koroboi iliyoishiwa mafuta, na nikilala usiku kucha naamka hivyo hivyo. Baridi ya Juni na Julai inaniumiza kuliko zamani. Nimeanguka mara tatu tangu Pasaka, mara ya mwisho mbele ya mteja, na gauni lake la harusi mkononi.

Nimekwenda hospitali. Walinipiga picha ya mgongo wakasema ni umri, wakanipa dawa za maumivu. Daktari mwingine, kijana, aliniambia misuli imelegea kwa kukaa sana, niongeze mazoezi. Nikamsikiliza. Nilikuwa naamka alfajiri natembea mpaka mtoni na kurudi, kisha nafunga mfuko wa mchanga kwenye kifundo na kuinua mguu mara mia. Wiki ya tatu sikuweza kushuka kitandani.

Shemeji yangu anasema nimechezewa, maana duka langu lina wateja. Mke wangu anataka nilifunge. Na kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Binti yangu amekuja kujifungulia kwetu, mjukuu ana wiki tano, na mimi nimeacha kumbeba. Nasingizia mikono yangu ina mafuta ya mashine. Ukweli ni kwamba naogopa ile polio imerudi, nisije nikamwambukiza.

Je, imerudi? Nikazane zaidi au nikate tamaa? Dawa ipo? Januari ni msimu wa sare za shule na ndio unaotulisha nusu ya mwaka. Niambie ukweli hata kama ni mchungu.

Fundi, Korogwe

*

Marahaba mdogo wangu,

Kabla hujamaliza kusoma, nenda ukambebe mjukuu wako.

Virusi vya polio huishi kooni na tumboni. Mtu aliyeambukizwa huvitoa kwa choo kwa wiki kadhaa, kisha mwili unavimaliza. Vya kwako vilikwisha mwaka ule ule wa 1974. Ulichobaki nacho ni kovu ndani ya uti wa mgongo, na kovu haliambukizi. Ungekuwa hatari kwa watoto, hao wanne uliowalea wangeugua zamani. Anachohitaji mjukuu ni kadi yake ya kliniki. Akifikisha wiki sita, yaani wiki ijayo, anadaiwa matone, na baadaye sindano. Msimkosee tarehe. Bara letu lilitangazwa kuwa huru na virusi vya asili vya polio tarehe 25 Agosti 2020, lakini mwaka 2022 virusi vilivyotokea Pakistan vikaonekana Malawi, kisha Msumbiji, na hapa kwetu wahudumu wakapita nyumba hadi nyumba na matone. Kwa hiyo hofu yako kwa mtoto huyo si ya kipumbavu. Ila wewe siye wa kuogopwa.

Sasa mguu wako. Unayoyaeleza yanafanana sana na hali inayoitwa sindromu ya baada ya polio. Nasema yanafanana, kwa sababu sijakuona wala kukushika, na nitakueleza chini ni nini kinatakiwa kupimwa kwanza. Lakini nimefanya kazi ya kuzoeza viungo miaka mingi, na barua yako nimeisoma kama mtu anayesoma mwandiko anaoujua.

Ndani ya uti wa mgongo kuna seli za neva ambazo kazi yake ni kuamrisha misuli. Kila seli inatuma nyuzi zake hadi kwenye msuli, na ina kikundi chake cha nyuzi za nyama inachokitunza, kama mzazi na watoto wake. Virusi vya polio huua seli hizo. Wazazi wanakufa, watoto wanabaki yatima, na msuli unalala. Ndiyo ile asubuhi mama yako alipokusimamisha.

Lakini mwili una ujamaa wake. Seli zilizonusurika huchipua matawi mapya na kuwachukua yatima wa majirani. Seli iliyokuwa ikilea kikundi kimoja inajikuta inalea vikundi kadhaa. Hivyo ndivyo mguu wako wa kulia ulivyorudi. Haukurudi kwa sababu ulikuwa haujaguswa. Ulirudi kwa sababu wajomba wachache waliobaki walikubali kulea ukoo mzima. Na hapa ndipo watu wengi, wakiwemo madaktari, wanapokosea: msuli unaweza kupoteza karibu nusu ya seli zake za neva na bado ukaonekana na nguvu za kawaida ukipimwa kwa mkono. Wewe hukuwahi kuwa na mguu mbovu na mguu mzima, fundi. Ulikuwa na mguu ulioumia ukaonekana, na mguu ulioumia ukaficha.

Mjomba anayelea watoto wa ndugu zake waliofariki anaweza kufanya hivyo miaka 30, 40. Kisha anazeeka, na mzigo haujapungua. Matawi yale ya ziada yanaanza kukauka moja moja, yatima wanaachwa mara ya pili. Huku ndiko kudhoofika kupya unakokuona, na ndiyo maana kunakuja pole pole na siyo kwa homa ya usiku mmoja. Kwa kawaida huanza si chini ya miaka 15 baada ya ugonjwa wenyewe. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani kinakadiria kwamba kati ya watu 100 walionusurika polio, 25 hadi 40 hupatwa na hali hii. Kwa hiyo huko peke yako, wala si bahati mbaya ya ajabu.

Shemeji yako anakupenda, ndiyo maana anakutafutia adui. Mwambie adui tunamjua.

Tena tumemjua siku nyingi, na hili linaniuma kulisema. Mwaka 1875, mjini Paris, daktari Jean-Martin Charcot na mwenzake Raymond walimwona kijana wa miaka 19 aliyepooza akiwa mtoto mchanga, akakua, akaajiriwa kazi nzito ya kutengeneza ngozi, kisha viungo vilivyokuwa vizima vikaanza kudhoofika. Fundi kama wewe, kazi ya kurudia tendo lile lile kutwa. Charcot alishuku kwamba kutumika kupita kiasi kulikuwa na mchango. Baada ya hapo jambo hilo likasahaulika karibu miaka mia moja. Marekani walikuwa na mlipuko mkubwa mwaka 1952, karibu wagonjwa 58,000 kwa mwaka mmoja. Wale watoto walipofika umri wa kati, mwishoni mwa miaka ya 70 na mwanzoni mwa 80, walianza kurudi kwa madaktari na maneno kama yako, na wengi wakajibiwa kama ulivyojibiwa wewe: umri, mawazo, uvivu. Ilibidi wagonjwa wenyewe wapige kelele. Mmoja wao alikuwa daktari, Lauro Halstead, naye alipooza kwa polio ujanani, na mwaka 1984 alikuwa miongoni mwa walioitisha mkutano wa watafiti kule Warm Springs, Georgia. Tangu hapo hali hii ikapata jina na vigezo.

Kwetu Afrika Mashariki waliougua miaka ya 60, 70 na 80 ndio hao sasa wanaingia umri wako. Wengi ni mafundi viatu, mafundi redio, washonaji, wauza duka, watu waliochagua kazi ya kukaa na kuifanya kwa bidii mara mbili ya wenzao. Na madaktari vijana wamesoma polio kama historia. Simlaumu sana yule aliyekupa mazoezi. Mimi mwenyewe, miaka ya nyuma, nilimpokea mama mmoja muuza samaki, mguu wake mmoja wa polio, analalamika mwingine unalegea. Nilimwambia aongeze uzito na aache kujihurumia. Alinitii kama ulivyotii wewe. Alirudi baada ya mwezi akiwa amebebwa. Sijamsahau, na barua yako nimeijibu nikimfikiria yeye.

Basi, mfuko wa mchanga utupe leo. Msuli unaolelewa na neva zilizochoka haujengwi kwa kuukamua. Kanuni tunayoitumia sasa ni rahisi kuikumbuka: ukifanya jambo leo na kesho yake mguu ukawa dhaifu au unauma kuliko jana, umezidisha. Paja la kulia, lile linalochezacheza, lipumzishe. Mikono, mabega na tumbo vinaweza kufanya mazoezi mepesi, dakika chache, siku moja ndiyo siku moja hapana. Maji ni rafiki mkubwa kwa sababu yanabeba uzito. Ukienda Tanga kununua vitambaa, chukua mtu wa kukushika mkono, ingia baharini maji yakiwa yametulia na yanakufika kifuani, tembea humo dakika kumi, toka. Inatosha.

Pumzika kabla hujachoka, siyo baada ya kuchoka. Najua hili litakuwa gumu kwako kuliko maumivu. Watu wenye polio niliowahudumia wana tabia moja: walifundishwa tangu utotoni kwamba kuchoka ni aibu. Bidii ndiyo iliyokutoa kwenye mkeka, sitaki uidharau. Lakini ndiyo hiyo hiyo sasa inayowamaliza wale wajomba waliobaki. Saa sita na nusu funga pazia la duka ulale nusu saa, kabla ile saa nane haijakukuta. Kaa unapokata, tumia stuli ndefu. Vitu vyote unavyovigusa kila saa viwe mkono unapofika bila kunyanyuka.

Na cherehani ifunge mota. Ile ndogo ya umeme inayofungwa ubavuni, ambayo mafundi wenzako wanayo, kikanyagio chake unakigusa tu. Umeme ukikatika, pumzika, usirudi kukanyaga. Mkeo anataka ufunge duka kwa sababu anakuona ukianguka, mpe jawabu lingine la kumtuliza. Sare za Januari zianze kushonwa Oktoba, pima watoto mapema, na tafuta kijana wa kukata na kupeleka. Utapata faida ndogo kidogo, ila utafika Februari umesimama.

Umeniuliza dawa. Hakuna ya kutibu, na ukiletewa chupa yoyote mtaani iliyoandikwa ya neva, pesa hiyo kanunulie mota. Watafiti wamejaribu. Pyridostigmine, inayotumika kwa wagonjwa wengine wa misuli, ilipopimwa kwa kulinganishwa na dawa bandia haikuongeza nguvu. Prednisone nayo haikufaa. Ilionekana pia kwamba baadhi ya wagonjwa wana dalili za uvimbe wa kinga kwenye maji ya uti wa mgongo, ndipo wakajaribu kuwatundikia kingamwili zinazotokana na damu ya wachangiaji. Matokeo yamekuwa mchanganyiko na bei yake ni ya kutisha. Tangu Covid, swali la nini virusi huacha nyuma kwenye neva na ubongo limepata watafiti na fedha ambazo halikuwahi kupata. Bunge la Marekani peke yake lilitenga dola bilioni 1.15 kwa ajili ya wale ambao hawakupona sawasawa. Ugonjwa wao si kama wako, neva zao hazikufa kwa namna ile. Lakini wengi wao wamejifunza kwa machungu jambo ambalo watu wa polio walilijua kabla yao, kwamba kuna uchovu unaozidi ukiupiga vita. Wasomaji wangu wenye kichwa kilichojaa ukungu tangu Covid, hilo lichukueni na ninyi.

Kuhusu vipimo: hakuna kimoja kinachosema ndiyo au siyo. Hali hii hutambuliwa kwa kuondoa nyingine zote kwanza, na hilo ndilo halikufanyika kwako, picha ya mgongo haitoshi. Omba wapime sukari, wingi wa damu, tezi ya shingo, vitamini B12, na wachunguze kama kuna neva iliyobanwa kiunoni. Wasikilize moyo. Kama wanaweza kukupima umeme wa misuli, utaonyesha dalili za lile kovu la zamani hata kwenye mguu mnaouita mzima. Kuchezacheza kwa nyama pamoja na udhaifu kunaweza pia kutokana na ugonjwa mwingine wa neva, kwa hiyo usiridhike na barua yangu. Na kama unaamka kila asubuhi na kichwa kizito, unakosa pumzi ukilala chali, au chakula kimeanza kukupalia, usingoje miadi, nenda.

Jambo moja liandike kwenye karatasi ulitie ndani ya kadi ya bima au kitambulisho: “Niliugua polio 1974.” Ikitokea umepelekwa upasuaji, daktari wa usingizi lazima aione, kwa sababu watu wa polio huathirika zaidi na dawa za usingizi na za kulegeza misuli, na huchelewa kuamka. Mkeo ajue hilo pia. Kwenye baridi, funika miguu kabla haijapoa, soksi mbili, suruali ya ndani. Mishipa ya damu ya mguu wenye polio haijui kujikunja vizuri kuzuia joto lisitoroke.

Nimeliacha la chuma mwisho kwa sababu nadhani ndilo linalokuuma.

Ulikivua darasa la saba na ulikuwa na haki. Ulikuwa mtoto, ulitaka baba akuone umesimama mwenyewe, na miaka 40 umesimama. Sasa nakuomba ukivae tena, mguu wa kushoto, pamoja na fimbo mkono wa kulia. Najua unavyolisikia hilo. Lakini fikiria kilichokuwa kikiendelea: kila hatua uliyotembea bila chuma, mguu wa kulia ulibeba kazi ya miwili, na mkono uliosukuma goti ukainamisha mgongo. Chuma cha leo si kile cha miaka ya 80 kilichokuwa na uzito wa jembe. Vingi ni vya plastiki, vinaingia ndani ya suruali, na wewe fundi unajua kukata suruali ifunike. Mguu wa kushoto ukibeba sehemu yake, wa kulia utapata nafuu ya kweli, na wengi niliowaona wakifanya hivyo waliacha kuanguka ndani ya wiki chache. Ukianguka na kuvunja nyonga kwa mifupa ya mguu uliotumika kidogo tangu utoto, hapo ndipo duka litafungwa.

Huna haja ya kwenda mbali. Basi linalopita hapo Korogwe linakufikisha Moshi, na pale hospitali ya KCMC kuna chuo kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vyuma vya miguu kutoka nchi nyingi za Afrika, tangu 1981. Muulize daktari wako barua ya rufaa kwenda kwao na kwa wazoeza viungo, na mtajie jina kamili, sindromu ya baada ya polio, hata kama halijui. Ukionyesha barua hii sitakasirika.

Kabla hujasafiri, wiki mbili andika kila jioni umefanya nini na kesho yake mguu ulikuwaje. Na usinunue viatu vipya vya safari. Nenda na vile vya zamani unavyovaa dukani, vyote viwili, vilivyolika. Fundi wa Moshi atavigeuza atazame soli kabla hajakuambia uvue suruali.